Maoni Juu ya Kifo cha Kengele

Tororo, 9 Oktoba 1977

Kaka Okware,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Baba anakusalimu, mama anakusalimu mara mbili, na mimi nakusalimu huku nimeziba pua, kwa sababu barua yako ilifika ndani ya kikapu cha Abbo, chini ya samaki wabichi, na hata baada ya kuianika dirishani bado inanuka ziwa. Silalamiki. Afadhali barua inayonuka ngege kuliko ile inayopita posta ikasomwa na watu ambao hawakuandikiwa.

Jibu la swali lako ni hapana. Rafiki yako Muniru hajarudi. Alitoka hapa katikati ya Ramadhani na pikapu ya baba kwenda Majanji kuchukua samaki, akasema mwezi ukiandama atakuwa nyumbani. Wiki iliyopita niliiona ile pikapu sokoni. Anaiendesha mwanajeshi. Maneno aliyoyaandika Muniru nyuma kwa rangi nyekundu, HARAKA YA NINI, bado yapo, hata hawakujisumbua kuyafuta. Baba aliyaona pia. Akageuka akanunua nyanya ambazo hatukuzihitaji. Lakini mimi nasema gari kuchukuliwa ni jambo moja na mtu ni jambo jingine. Wapo waliochukuliwa wakarudi. Wamekonda, hawapendi kuulizwa, lakini wamerudi.

Sasa kitabu. Nimemaliza Watano Nje ya Dunia, yaani nimemaliza kadiri kaka yangu Muniru alivyotaka nimalize. Unamjua na kanuni yake. Anakuazima kitabu bila sura ya mwisho, ameichomoa kwa wembe, na hakupi mpaka umpe maoni yako kwanza, ati mtu akishajua mwisho maoni yake yanakuwa ya uongo. Nimeitafuta hiyo sura chini ya godoro lake, ndani ya viatu vyake vya Idd, mpaka kwenye debe la unga. Haipo. Amekwenda nayo, mtukutu yule. Basi maoni yangu nakupa wewe, umtunzie.

Sisi tuliokua na gazeti la picha tunawajua hawa Watano kama majirani. Ngurumo mkubwa wao, Darubini, Chuma, Mabawa, na Kengele ambaye akiita anasikika popote. Gazetini walikuwa wanapambana na majambazi wa mjini, nikaridhika. Mwandishi wa kitabu akaona hiyo haitoshi, akawapeleka angani. Haya, Mabawa anaruka na nini huko, na hewa hakuna? Na si wewe mwalimu uliyetuambia kwamba sauti haipiti mahali pasipo na hewa? Basi Kengele anawaitaje wenzake?

Hayo namsamehe. Nisilomsamehe ni sura ya kumi na moja. Kengele anabaki kwenye ule mwezi mweusi ameshikilia mlango ili wenzake watoke. Sawa, huo ni ushujaa. Wenzake wanasubiri kidogo tu, hawamsikii, basi wanachukua nguo yake ya akiba, wanaitia ndani ya sanduku, wanaimba, wanaisukuma gizani. Watu wazima wenye nguvu za ajabu wanazika nguo. Nilikitupa kitabu, kikaangukia jikoni, ndiyo maana utaona jalada limeungua. Mtu ambaye hakuna aliyemwona maiti unamzikaje? Kengele yu hai. Andika kwamba Fauziya wa Tororo amesema.

Mama naye siku hizi ni msomaji. Kwa kuwa kitabu ni cha mwanawe, ananiambia nimsomee jioni. Maoni yake ni haya: "Huyu mutoto hana mama? Nani alimupa ruhusa kwenda mbali hivyo?" Nimepekua kurasa zote. Kweli, hakuna mama hata mmoja humo.

Abbo yuko hapa anakunywa chai na kuniharakisha. Siku hizi amekuwa mkimya, sijui samaki hawauziki. Nakutumia kitabu. Soma haraka, uniambie kama sina haki.

Dada yako,
Fauziya


Busia, upande wa Kenya, 17 Oktoba 1977

Dada Fauziya,

Nimepata barua na kitabu, na alama ya moto nimeiona. Mimi mzima. Hapa dukani kazi yangu bado ni kupima mahindi, na wateja wamenipa jina la Mwalimu wa Mizani. Ukisimama kwenye ngazi za duka unaona bendera ya kwetu kule ng'ambo. Huwa nasimama hapo.

Kuhusu hewa na sauti una haki, mwandishi hakusoma sayansi. Kuhusu Mabawa pia una haki. Lakini kuhusu sura ya kumi na moja tutagombana. Kwangu hiyo ndiyo sura bora ya kitabu kizima. Nimeisoma nikaenda nyuma ya duka nikalia kwenye magunia, na sioni aibu kukwambia. Wale wenzake hawakuzika nguo, Fauziya. Walikuwa hawali, hawalali, kila mtu anatega sikio. Darubini alikuwa ameona kitu, ukirudia ukurasa ule utaona, ameona na hakusema. Wangefanya nini? Mtu lazima awe na mahali. Hata kama ni sanduku, mtu awe na mahali ambapo waliompenda wanaweza kusema, yuko pale.

Haya ni maoni yangu tu, juu ya kitabu.

Msalimie mama. Mwambie swali lake ni zuri kuliko yetu yote.

Kaka yako,
Okware


Busia, upande wa Kenya, 19 Oktoba 1977

Mama,

Barua hii isome peke yako, na ukimaliza itie motoni.

Muniru amekufa. Nimelijua tangu wiki iliyopita na nimeshindwa kulitamka. Abbo, yule mwuza samaki anayekuletea barua zangu, alikuwa Majanji siku hiyo anageuza samaki juani. Maneno yake nakuandikia kama alivyoniambia: "Mimi naona na macho yangu mbili. Wanajeshi wanaingiza yeye kwa mtumbwi, mikono imefungwa nyuma. Wanakwenda mbali. Wanarudi, yeye hayuko. Mimi nageuza samaki tu, nageuza samaki tu." Aliniomba nimwambie Fauziya, kwa kuwa yeye kila akiingia jikoni kwao anapewa chai na maneno yanamkwama. Nikamwahidi. Nimeshaandika barua moja tangu hapo, nikajaza karatasi kwa habari za kitabu. Yeye ananiandikia kwamba kaka yake yu hai, mama, na mimi namjibu kuhusu mashujaa wa angani.

Sasa nakuomba jambo. Mjomba alipozama Mto Sio na mwili usipatikane, mlikata mgomba mkauzika mahali pake, ili apate pa kulala na nyumba ipate kutulia. Mimi siwezi kuvuka kuja, nisije nikakamatwa. Mfanyie Muniru vilevile. Si wa damu yetu, wala si wa dini yetu, lakini amekula kwako tangu tukiwa wanafunzi, na ulikuwa unamfichia maziwa yaliyoganda kuliko mimi. Mzike kando ya njia, pale alipozoea kuegesha pikapu.

Nakutumia karatasi hizi za kitabu. Ni sura ya mwisho. Aliniachia mara ya mwisho alipopita hapa, akaniambia nizishike mpaka Fauziya atoe maoni. Sijazisoma, sikuwa nimetoa yangu. Ndicho kitu chake pekee nilichonacho. Uziweke pamoja naye.

Usiweke msalaba. Usimwambie mtu.

Mwanao,
Okware


Dabani, 30 Oktoba 1977

Mwanangu Okware,

Nimefanya. Nilikata mgomba ule wa karibu na kisima, ulionyooka, nikaufunga kwa shuka langu jeupe la harusi, na karatasi zako nikaziingiza katikati ndani ya mfuko wa chumvi zisilowe. Sikuweka msalaba. Nilisema Salamu Maria kimoyomoyo, nadhani haitamdhuru.

Kitu kimoja kilinisumbua. Hawa watu wa dini yake wanalaza maiti kwa kuelekea upande wao, na mimi sikuujua. Sikutaka alale vibaya. Nikaenda senta, kule madukani, kwa Faruku, fundi cherehani, nikamwuliza polepole kama mtu anayeuliza tu. Alinionyesha kwa mkono. Hakuniuliza ni nani na mimi sikusema, ila alinitazama sana, nikakumbuka kwamba kanzu za Muniru alishona yeye. Kesho yake akaja nyumbani, akasimama kando ya udongo, akainua mikono akaomba, akaondoka bila kuonja chai. Mtu mwema yule.

Nimemlilia kama ningemlilia mmoja wenu, wanangu. Kula vizuri huko.

Mama yako,
Specioza


Tororo, 8 Novemba 1977

Kaka Okware,

Tumempata.

Sijui nianzie wapi. Faruku, fundi wa Dabani, alikuja hapa juzi, akamwita baba nje, wakakaa kwenye lori bovu wanaongea. Baba alirudi ndani akiwa amezeeka, lakini amesimama wima, jambo ambalo sijaliona tangu Ramadhani. Akasema: "Kijana amepatikana. Amezikwa kwa kina Okware. Mama yake Okware alimulaza kibla, hata aliuliza."

Nimelia mpaka sauti imekauka, na bado nakuandikia kukushukuru. Sasa naelewa yote. Naelewa kwa nini uliandika vile juu ya sura ya kumi na moja. Naelewa kwamba mama yako alimwokota mahali, akamficha kwa hatari ya maisha yake, mama mzee peke yake, wakati sisi wenye mtoto tulikuwa tunanunua nyanya. Sina hasira kwamba hukusema. Maneno kama hayo hayapandi kikapuni.

Niliyokuandikia mwanzoni nayafuta. Nilikosea juu ya Kengele. Ajabu ni kwamba nimekosea na nimepumzika. Mama jana amelala usingizi, mara ya kwanza. Amelia, ameosha uso, akasema: "Mimi nataka kuona yeye. Nataka kuosha mutoto yangu mwenyewe, mimi na maji yangu." Sheikh amesema si vizuri kufukua, lakini kwa kuwa hakuoshwa wala hakuswaliwa, na kwa kuwa mama hakubali neno, amekubali kwenda naye. Tunakwenda Ijumaa. Sanda imenunuliwa, na karafuu maiti tumepata kwa jirani.

Mungu amlipe mama yako kwa niaba yetu.

Dada yako,
Fauziya


Busia, upande wa Kenya, 12 Novemba 1977

Fauziya,

Abbo amenipa barua yako sasa hivi. Leo ni Jumamosi. Ijumaa yenu ilikuwa jana, na mimi jana nilikuwa napima mahindi.

Kama kuna kilichowachelewesha, mvua, gari, kizuizi barabarani, chochote, msichimbe. Humo ndani hamna Muniru. Ni mgomba. Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane tunazika mgomba mahali pake, ndiyo desturi, na mimi ndiye niliyemwomba mama. Nilidhani nampa rafiki yangu mahali. Sikufikiri kwamba mahali panaonekana na watu.

Yeye wamemtupa ziwani, Majanji. Abbo alishuhudia. Muulize, atakwambia, mimi sina nguvu ya kuandika mara mbili.

Nilikuwa najua. Nilipokuandikia juu ya kitabu nilikuwa najua.

Okware


Tororo, 20 Novemba 1977

Kaka Okware,

Barua yako ilikuja, ikakuta tumesharudi.

Nitakueleza kwa sababu hukuwapo, na nadhani unajiwazia vibaya zaidi kuliko ilivyokuwa. Mama yako alikuwa ameenda misheni kwenye misa ya marehemu. Tulimkuta jirani tu, akatuonyesha mahali. Baba na sheikh na Faruku wakachimba. Mama alikataa kukaa nyuma na wanawake, akaja mpaka ukingoni na ndoo yake ya maji. Udongo ulikuwa laini. Shuka lilipoonekana mama akaanza kusema naye, taratibu, anamwambia avumilie, tumefika. Sheikh akafungua upande wa kichwa.

Mgomba ulikuwa umeanza kuoza. Maji yake yamelowesha shuka likawa kahawia. Baba aliketi pale pale udongoni. Faruku aliinamisha kichwa, na akaendelea kukiinamisha mpaka tukaondoka. Mama yako ndipo akafika, anakimbia na rozari mkononi, akapiga magoti akasema maneno mengi kwa Kisamia. Nilielewa machache. Nilielewa jina la kaka yangu.

Wakati huo, Okware, nilikuchukia. Nasema kweli. Nilifikiri ni mzaha, kwamba mmetuchezea. Halafu nikamwona mama.

Alikuwa anautazama ule mgomba. Akautazama sana. Halafu uso wake ukafunguka, sijui nikwambieje, ukafunguka kama wakati alipokuwa msichana kwenye ile picha iliyo ukutani kwetu. Akasema: "Basi mutoto yangu iko hai. Angekuwa amekufa wangezika yeye. Wamekosa yeye, ndiyo wanazika mugomba." Akamwinua mama yako kutoka pale chini, akamkumbatia, akamshukuru. Mama yako alinitazama juu ya bega lake. Nami nikamtazama. Mama akaikunja sanda, akairudisha kwenye mfuko, akasema itamfaa yeye mwenyewe siku yake ikifika.

Njiani alikuwa anapanga. Ametafuta sukari kwa walanguzi, sijui amewapa nini, na ameificha kwa ajili ya chai ya Muniru. Kitanda chake kimetandikwa.

Abbo alipokuja na barua yako nilimpa chai, nikamwuliza. Aliweka kikombe chini na kunieleza. Aliniambia pia kwamba siku ile Muniru alimwona pale anapogeuza samaki, akageuza uso haraka, ili wale watu wasijue wanafahamiana. Hilo hakukwambia wewe. Huyo ndiye kaka yangu. Nimemwomba Abbo asimwambie mama, na nilipokuwa namwomba ndipo nikakuelewa. Sasa mimi ndiye niliyekaa mahali pako. Naulizwa kila asubuhi, na kila asubuhi nazungumzia mambo mengine. Chuki yangu kwako imekwisha hapo, haikupata pa kukaa.

Zile karatasi niliziona kwenye mfuko wa chumvi, nikazitia kifuani kabla sheikh hajauliza. Nilitaka nizifiche. Lakini mama ana macho. Jioni moja akasema: "Ile mwisho ya kitabu umepata. Nisomee." Nikaketi, nikamsomea.

Hutaki kujua, au labda unataka. Chombo kinarudi duniani. Ngurumo anashika redio anaita, Kengele, Kengele, unanisikia. Anaita ukurasa mzima. Wanatua uwanjani, watu wanapiga makofi, wanashuka watatu. Ngurumo anabaki ndani peke yake, ameshika redio, anaendelea kuita, na kitabu kinaishia hapo. Hakuna anayejibu. Mwandishi hakuogopa, namsifu kwa hilo. Niliyasoma maneno yale kwa macho tu, kwa sababu nilipofika pale anapoita, mama alinishika goti, akauliza: "Anarudi?"

Nikasema, anarudi, mama. Amejibu, wamemsikia, wamekwenda kumchukua.

Akasema alijua. Akauliza kama mama yake alikuwapo pale uwanjani. Nikatazama karatasi kana kwamba natafuta mstari, nikamwambia yupo, ndiye wa mbele kabisa, amebeba ndoo ya maji ya kumnawisha. Akaridhika. Aliniambia sasa hiki ni kitabu kizuri.

Haya, haya ndiyo maoni yangu ya mwisho. Sura ya kumi na moja ulikuwa na haki, na mimi sikuwa na haki, na wale wenzake walifanya walichoweza. Kosa la mwandishi ni moja tu, alisahau kwamba kule nyumbani kuna mtu anasubiri.

Mwambie mama yako aurudishe ule udongo. Asiuondoe. Nitakuja siku moja nikae hapo, peke yangu.

Karatasi nimezifunga ndani ya barua hii. Maoni yako ulishayatoa, kwa hiyo kwa kanuni yake ni haki yako kuzisoma. Ukimaliza usinirudishie. Mama ameanza kusema zinampendeza, na anaweza kumpata mtu mwingine wa kumsomea.

Dada yako,
Fauziya